Swali Lenye Jibu Moja

"Nani alitunga Malaika?" Karatasini, swali hili ni jepesi kama pamba. Lisome mbele ya timu za chemsha bongo, ukumbi utachafuka. Meza ya kwanza imeandika Fadhili William, Mkenya aliyeurekodi wimbo huo na kuupa umaarufu. Ya pili imeandika Adam Salim, ambaye naye alidai wimbo ni wake. Ya tatu inamshikilia Miriam Makeba, kwa kuwa sauti yake ndiyo waliyoizoea. Ubishi huo ni wa miongo mingi, na msoma maswali hawezi kuumaliza kwa dakika moja akiwa na kipaza sauti mkononi.

Mtunzi mzoefu halitupi swali la namna hiyo. Huligeuza: kinachobishaniwa anakiweka pembeni, kisha anauliza kile ambacho hakuna anayekipinga. "Ni wimbo gani wa Kiswahili uliorekodiwa na Fadhili William, ukaimbwa pia na Miriam Makeba, ambamo kijana analalamika kwamba ukosefu wa mali unamzuia kumwoa ampendaye?" Sasa jibu ni moja, na milango ya kulifikia ni mitatu. Mpenzi wa muziki wa zamani wa Kenya atalipata kwa jina la kwanza, shabiki wa Makeba kwa la pili, na asiyejua jina la mwanamuziki yeyote atalipata kwa sababu maneno ya wimbo bado anayakumbuka. Hapo meza inaanza kunong'ona, huyu anaghani ubeti, yule anamkatiza. Minong'ono hiyo ndiyo utamu wa shindano.

Maswali ya muziki, filamu na mastaa yana hatari yake: kila mtu anaamini anayajua mambo haya, kwa hiyo makosa husambaa bila kuhakikiwa. Mmarekani Fred Worth alipochapisha ensaiklopidia yake ya mambo madogo madogo mwaka 1974, alitega mtego. Aliingiza kwa makusudi uongo kwamba jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa kwenye televisheni, ni Philip. Mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Montreal mwaka 1979, ukaja kutoka na swali hilo, uongo wake ukiwa palepale. Worth alifungua kesi mwaka 1984 akidai dola milioni 300. Alishindwa, kwa kuwa taarifa tupu hazina hakimiliki, lakini mtego wake bado unawafaa watunzi wote: jibu lililotoka kwenye kitabu kimoja tu halijathibitishwa.

Wakati nao hula maswali. Anayeuliza leo ni msanii gani wa Tanzania mwenye wafuasi wengi zaidi Instagram anaweza kukuta jibu limebadilika kabla ya fainali. Na anayeuliza Bi Kidude alifariki akiwa na miaka mingapi anajitafutia ugomvi: tarehe ya kifo inajulikana, 17 Aprili 2013, ila ya kuzaliwa haijulikani kwa hakika.

Halafu kuna suala la wasikilizaji. Kuuliza maana ya jina la yule nyani mzee wa The Lion King, filamu ya mwaka 1994, ni swali halali kabisa London. Tanga ni kugawa alama bure, maana rafiki ni rafiki. Kwa Waswahili, hazina kubwa iko kwenye maneno yao yaliyosafiri mbali. Uhura wa Star Trek, mwaka 1966, alipata jina lake kutokana na neno "uhuru". Liberian Girl ya Michael Jackson, iliyomo katika albamu ya Bad ya mwaka 1987, inafunguliwa na Letta Mbulu wa Afrika Kusini akizungumza Kiswahili, ingawa Liberia si nchi ya Waswahili.

Lililo zuri kuliko yote huenda ni hili: "Wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kushinda Grammy, mwaka 2011, unaimba sala gani kwa Kiswahili?" Vijana waliocheza Civilization IV wataukumbuka muziki wa Christopher Tin. Pembeni yao atakuwepo mama ambaye hajawahi kugusa mchezo wa kompyuta, aliyekuwa amekwisha kuweka kalamu chini aliposikia neno Grammy. Anasikia "sala", anaiokota kalamu, anaandika: Baba Yetu.