Vitalu vya Chini

Hapa Singida mvua ni ya msimu mmoja tu. Ikiisha, jua na upepo huikausha ardhi upesi. Ndiyo sababu vitalu vyetu nyuma ya bweni havikuinuliwa kama matuta ya viazi. Tumevichimba kwenda chini, tukatia samadi iliyooza, tukatandaza mabua ya mtama juu yake, ili maji ya kunawia (yasiyo na sabuni nyingi) yatue penye mizizi yasipotee. Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walieleza kilimo kinachofuata maumbile namna hii katika kitabu cha mwaka 1978. Zamani nilihesabu siku za likizo tu; sasa naamka kabla ya kengele. Juzi akina mama wa mtaa wa jirani walikuja kuomba mbegu za mchicha, nami ndiye niliyewaonyesha kuchimba.