Supu ya Konokono wa Mto Yategemea Mikono Inayopungua

Katika miji midogo ya bara nchini Korea Kusini, hasa Goesan na wilaya jirani za mkoa wa Chungcheong Kaskazini, mgahawa wa konokono wa maji baridi ni biashara ya familia ambayo faida yake huamuliwa na kazi ya jikoni kuliko wingi wa wateja. Konokono huyo, daseulgi kwa jina la kitaifa na olgaengi kwa wenyeji wa Chungcheong, ana gamba jeusi lililochongoka na huokotwa kwenye mawe ya mito yenye maji safi. Hupikwa kwa doenjang, yaani maharage ya soya yaliyopondwa na kuchachushwa, pamoja na mboga za majani, na supu yake hutafutwa asubuhi na waliokunywa pombe usiku, kwa imani ya tangu zamani kwamba inasaidia ini.

Mama mmoja mwenye mgahawa wa aina hiyo, aliyeomba asitajwe jina, analalamika kwamba mteja hupima bei kwa bakuli lililo mbele yake na kusahau kazi iliyotangulia. Konokono hulowekwa usiku kucha ili wateme mchanga, husuguliwa wao kwa wao, kisha huachwa watulie mpaka watoe miili nje ya magamba, na hapo ndipo humwagiwa kwa ghafla maji yanayochemka, maana wakiwahi kujikunja nyama yao huwa ngumu kuchomoka. Baada ya hapo kila mmoja huchokolewa kwa sindano, huku gamba likizungushwa taratibu, na wanaoifanya kazi hiyo, kwa maelezo yake, ni wanawake wazee wasio na wa kuwarithi. Hoja yake ina uzito, kwani mwaka 2021 serikali ilitangaza maeneo 89 ya utawala kuwa yanapungukiwa watu, Goesan ikiwemo. Kinachomuuma zaidi ni nyama ya konokono kutoka China, inayofika ikiwa imeshachokolewa na kugandishwa, ambayo anadai baadhi ya washindani wake huiuza kama mavuno ya mto wa nyumbani. Dai hilo ni gumu kuthibitishwa mezani, kwa kuwa nyama ikishatoka gambani na kuzama kwenye supu mlaji wa kawaida hana cha kulinganisha.

Kuhusu konokono wenyewe mtoni, maofisa wana majibu yao. Sheria inakataza kuokota konokono ambaye gamba lake halizidi sentimita 1.5, msimu hufungwa kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na halmashauri humwaga mitoni konokono wachanga waliozalishwa vituoni. Ofisa mmoja wa uvuvi anaitaja idadi ya wanaomwagwa kuwa ndiyo kipimo cha mafanikio, lakini hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu waliomwagwa si waliosalia. Isitoshe, konokono huyu hatagi mayai bali huzaa watoto wakiwa na magamba tayari, na punje ngumu anazozihisi mlaji mdomoni mara nyingi ndizo watoto hao. Hivyo kipimo cha sentimita 1.5 kinawalinda wadogo huku kikiruhusu majike waliobeba mimba kuokotwa. Yapo pia mafuriko, kama ya Julai 2023, maji yalipopita juu ya bwawa la Goesan kwenye mto Dalcheon, na wapo waokotaji wa usiku wasio na leseni, ambao baadhi yao huzama kila kiangazi. Vifo hivyo vinastahili uzito mkubwa kuliko vinavyopewa katika mijadala ya biashara hii.

Wapo wanaoamini kwamba supu iliyogandishwa na kutumwa kwa vifurushi itaiokoa migahawa hiyo. Huenda ikawa hivyo kwa wachache wenye mtaji wa majokofu, ingawa kila kifurushi kinaongeza mzigo kwa mto uleule na kwa wachokoaji walewale. Atakayeziba upungufu wa konokono na wachokoaji kwa nyama ya kuagizwa huenda akapunguza gharama zake kwa misimu kadhaa, lakini atakuwa akimuuzia mteja wa Seoul kitu ambacho mteja huyo anaweza kukipata Seoul kwenyewe bila nauli.