Adhabu Ikisha, Je, Heshima Nayo Irudi?

Mwanariadha aliyefungiwa kwa kosa la aibu, kisha akarudi uwanjani na kushinda, apewe heshima au asipewe? Kwetu sisi watu wa visiwani jambo hili laweza kuonekana la mbali, la watu wa Ulaya na Marekani wenye maabara na mawakili. Lakini kila nchi ina desturi ya kumpokea mshindi wake kwa ngoma kwenye uwanja wa ndege, kumwita mbele ya viongozi, kumpa zawadi, na pengine kuiita njia au skuli kwa jina lake. Mwenye desturi hiyo hana budi kujiuliza mapema nani anastahili, kabla jina la mtu halijawekwa mezani na kabla furaha au hasira ya siku moja haijawatangulia watu akili.

Tumtazame mkimbiaji wa Marekani, Justin Gatlin, kwa kuwa habari zake zinajulikana na zimekwisha. Mwaka 2001 alipatikana na dawa iliyokatazwa, akaeleza kuwa ni dawa aliyokuwa akiitumia tangu utotoni kwa maradhi, na adhabu yake ikapunguzwa. Mwaka 2004 akatwaa nishani ya dhahabu ya mita 100 katika Michezo ya Olimpiki ya Athens. Mwezi Mei 2006, mjini Doha, akakimbia kwa sekunde 9.77, sawa na rekodi ya dunia ya wakati ule. Punde ikatangazwa kuwa amepatikana tena na kosa, safari hii testosteroni. Akafungiwa miaka minane, ambayo baadaye ilipunguzwa kuwa minne, na mbio zile za Doha zikafutwa vitabuni. Akarudi mwaka 2010. Septemba 2014, mjini Brussels, akiwa na umri wa miaka 32, akakimbia tena kwa sekunde 9.77. Namba ni ile ile na mtu ni yule yule, ila moja imefutwa na nyingine imeandikwa.

Mwezi uliofuata Shirikisho la Riadha la Kimataifa likaliweka jina lake miongoni mwa kumi waliopendekezwa kuwa mwanariadha bora wa mwaka. Hapo ndipo Mjerumani Robert Harting, bingwa wa Olimpiki wa 2012 wa kurusha kisahani, ambaye naye alikuwamo katika orodha ile, alipoomba jina lake liondolewe. Hakutaka kusimama mstari mmoja na mtu aliyefungiwa mara mbili. Sebastian Coe, makamu wa rais wa shirikisho wakati huo, naye alisema wazi kuwa jambo hilo linamkera. Gatlin hakuipata tuzo hiyo.

Tunasema tangu mwanzo kwamba Gatlin alikuwa na haki ya kukimbia. Adhabu ikishapimwa na kutumikiwa, mlango hufunguliwa; vinginevyo kifungo cha miaka minne ni kifungo cha maisha kilichofichwa. Ndivyo ilivyoamua Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwaka 2011, ilipoibatilisha kanuni ya Olimpiki iliyomzuia kushiriki michezo iliyofuata kila aliyekuwa amefungiwa zaidi ya miezi sita. Mwaka 2012 Waingereza nao waliambiwa waache kuwazuia milele watu wao. Hukumu hizo zilikuwa za haki. Na aliyefika wa kwanza apewe nishani yake, kwani hiyo ni ujira wa miguu, na saa haina macho ya kuangalia mafaili. Watazamaji wa London mwaka 2017 walimzomea Gatlin aliposhinda ubingwa wa dunia kwa sekunde 9.92. Usain Bolt, aliyemaliza wa tatu kwa 9.95, alimkumbatia. Sisi tunaona aliyekuwa na adabu zaidi jioni ile ni yule aliyeshindwa.

Lakini heshima si ujira. Tuzo ya mtu bora, jina la uwanja, kuteuliwa kuwa mlezi wa vijana, kuketishwa jukwaani pamoja na viongozi, hayo hayapimwi kwa saa. Ni maneno ambayo umma unawaambia watoto wake: mtazameni huyu. Hakuna mahakama inayoweza kuulazimisha umma kuyasema, wala asiyeambiwa hivyo hawezi kudai kuwa ameadhibiwa mara ya pili.

Mfano ulio bora kuliko wote, kwa maoni yetu, ulionekana mjini Gothenburg mwaka 2006. Waingereza wanne walishinda ubingwa wa Ulaya wa mbio za kupokezana vijiti. Mmoja wao alikuwa Dwain Chambers, aliyerejea baada ya kufungiwa miaka miwili. Mwingine Darren Campbell. Ikumbukwe kwamba kosa la Chambers ndilo lililowafanya wenzake, akiwamo Campbell, wapoteze dhahabu ya Ulaya ya mwaka 2002 waliyokuwa wameipata kwa jasho lao. Usiku ule wa Gothenburg Campbell alikimbia sehemu yake, akashika kijiti na kukipokeza kama inavyompasa mwenzi wa timu. Mbio zilipokwisha, wenziwe wakaanza kuuzunguka uwanja na bendera, yeye akakataa kwenda nao. Wako waliomlaumu kuwa ana chuki. Sisi tunaona aliipanga mipaka mahali pake hasa: kukimbia pamoja na mwenzio ni kazi, kushangilia pamoja naye ni hiari.

Hata hivyo haki inatutaka tuseme pia mema ya Chambers. Baadaye alieleza waziwazi dawa alizopewa, nani alimpa na kwa utaratibu gani, na alitakiwa kurudisha fedha alizozipata akiwa katika kosa. Mwendesha baiskeli David Millar, aliyefungiwa mwaka 2004, alikiri, akavuliwa ubingwa wa dunia wa 2003, kisha akarudi kuwa mmoja wa sauti kali dhidi ya dawa hizo katika mchezo wake. Watu wa namna hii wamefungua njia ya kuheshimiwa. Hawakungoja tarehe tu ipite.

Tutaulizwa kuhusu Paolo Rossi. Alifungiwa kwa kashfa ya kupanga matokeo iliyoitikisa Italia mwaka 1980, ingawa yeye siku zote alikana. Akarudi majuma machache tu kabla ya Kombe la Dunia la 1982, akafunga mabao sita, matatu kati ya hayo dhidi ya Brazil katika mchezo mmoja, Italia ikatwaa kombe, naye akachaguliwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka huo huo. Nani leo atasema Waitalia walikosea? Sisi hatusemi. Ila tunaona tofauti. Kupanga matokeo, kukiwa kweli kumetendeka, hakumwongezei mtu nguvu za miguu miaka miwili baadaye. Dawa huenda zinaongeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha mwaka 2013 kuwa misuli ya panya waliopewa testosteroni ilikuwa ingali na faida yake miezi mitatu baada ya dawa kusimamishwa, na miezi mitatu ni sehemu kubwa ya uhai wa panya. Mwanadamu si panya, lakini shaka hiyo inatosha kumfanya mtoaji wa tuzo asite.

Kisha kuna walioibiwa. Jirani yetu Asbel Kiprop wa Kenya alimaliza wa pili katika mita 1500 mjini Beijing mwaka 2008, na akapata dhahabu baada tu ya Rashid Ramzi wa Bahrain kuvuliwa mwaka 2009 kwa sababu ya dawa. Alikabidhiwa baadaye, mbali na uwanja ule uliojaa watu. Yeye mwenyewe akaja kufungiwa miaka minne kwa dawa ya EPO, kosa alilolikana, na kifungo chake kikamalizika mwaka 2022. Aliyedhulumiwa akahukumiwa kwa kosa lile lile lililomdhulumu. Kenya, iliyotunga sheria yake ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016, imelazimika kujifunza haya kwa gharama kubwa.

Viongozi wa michezo, basi, na waandike mapema kanuni ya nani apokewe kwa sherehe. Aliyerudi kutoka kifungoni aulizwe kama amerudisha zawadi za fedha, na kama amemtaja daktari au mwalimu aliyemchoma sindano, maana kijana maskini mara nyingi huadhibiwa peke yake ilhali aliyemnunulia dawa anaendelea kufundisha wengine. Akiwa ametimiza hayo, apewe heshima bila kunung'unikiwa. Na siku ya sherehe hiyo, kiti kimoja cha mbele kiwekwe kwa ajili ya yule aliyeshika nafasi ya pili mwaka ule wa kosa.