Picha zinavyoongoza dawa hadi kwenye uvimbe wa ini

SARATANI ya ini mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kukua kiasi ambacho upasuaji hauwezekani tena. Kwa baadhi ya wagonjwa hao, madaktari hupeleka dawa moja kwa moja kwenye uvimbe kupitia mshipa wa damu, bila kupasua tumbo. Hata hivyo, mafanikio ya tiba hiyo hutegemea sana daktari kuona waziwazi mahali anapokwenda.

Siri ya tiba hiyo imo katika ini lenyewe. Kiungo hicho hupata damu kwa njia mbili: takriban robo tatu huletwa na mshipa unaotoka kwenye utumbo, na robo iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani, kinyume chake, hulishwa karibu wote na ateri. Hivyo tawi la ateri linaloulisha likipelekewa dawa na kisha kuzibwa, uvimbe hufa njaa, ilhali sehemu za ini zisizo na ugonjwa huendelea kuishi.

Daktari hutoboa tundu dogo kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, kisha hupitisha katheta, yaani mpira mrefu na mwembamba, hadi kwenye ateri ya ini. Kwa kuwa mishipa haionekani vizuri katika eksirei ya kawaida, hudungwa kimiminika chenye iodini, na matawi yake hujitokeza kwenye skrini.

Tatizo ni kwamba picha hiyo ni bapa, na matawi hufunikana. Jirani na ateri ya ini kuna mishipa inayolisha mfuko wa nyongo na tumbo. Dawa ikipotea njia, huweza kusababisha vidonda vya tumbo au kuharibu sehemu ya ini aliyobakiwa nayo mgonjwa.

Ndiyo maana mashine za kisasa huzungusha mkono wake kando ya mgonjwa kwa sekunde chache, na kompyuta huunganisha picha hizo kuwa umbo moja lenye kina. Baada ya dawa kuingizwa, picha hurudiwa. Ikionekana sehemu ya uvimbe haikufikiwa, tawi jingine hutafutwa papo hapo.

Mwaka 2002, utafiti wa Barcelona na mwingine wa Hong Kong ulionyesha kuwa wagonjwa waliochaguliwa vyema waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliotibiwa dalili tu. Kwa kawaida tiba hiyo haimalizi ugonjwa, na haimfai mgonjwa ambaye ini lake limedhoofu mno.

Kwa sababu hiyo, kinga na uchunguzi wa mapema hubaki kuwa muhimu. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huzuia chanzo kikubwa cha saratani hiyo, na wenye makovu ya ini hushauriwa kupimwa kwa ultrasaundi kila baada ya miezi sita.