Makarani Wawili wa Nyumba Moja

Paukwa! Pakawa!

Hapo juzi, wala si kale, palikuwa na nyumba ya matofali ya saruji huko Tanga. Fundi wa kampuni ya intaneti akavuta waya wa faiba, akafunga ruta sebuleni, akaaga. Sebuleni mambo yakawa safi; chumbani kwa bibi video zikakwamakwama, maana mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi lakini kuta huyachosha upesi. Mjomba akanunua ruta za meshi, visanduku vitatu vya kupokezana mawimbi chumba hadi chumba. Cha kwanza akakiunga kwa waya kwenye ruta ya kampuni.

Intaneti ikamfikia bibi, ila vituko vikaanza. Printa iliyobaki kwenye Wi-Fi ya zamani ikawa haionekani kwenye kompyuta. Kaka naye akiwaalika rafiki zake kwenye mchezo wake, wanakataliwa. Mjomba akazima, akawasha, akazima tena. Wapi!

Binti wa darasa la saba akasema, "Mjomba, naomba simu yako." Akafungua programu ya meshi, akatafuta anwani ya nje, akasoma: 192.168.1.2. "Mjomba, humu ndani tuna makarani wawili!"

Sikilizeni, wanangu. Shule ina S.L.P. moja na wanafunzi mamia. Barua zote huja kwenye sanduku hilo, na karani mwenye daftari ndiye ajuaye ipi ni ya nani. Ruta nayo ni karani. Anwani za intaneti za mtindo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi kila simu na kila televisheni duniani. Basi nyumba nzima hutumia moja, na vifaa hugawiwa anwani za ndani. Kwa kazi hiyo zimetengwa zile zinazoanza na 10, na 172.16 hadi 172.31, na 192.168. Ukiona mojawapo ya hizo kama anwani ya nje ya ruta yako, jua kuna karani mwingine mbele yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Karani wa meshi alidhani anatazama barabarani, kumbe anatazama sebuleni. Ombi likitoka, makarani wote wawili waliliandika, na jibu likapata njia ya kurudi. Ndiyo maana video zilicheza. Lakini kaka alipotaka rafiki zake waingie, aliyeambiwa ni karani wa meshi peke yake. Wa sebuleni hakuwa na habari, akawarudisha wageni mlangoni. Printa nayo ilikuwa kwenye daftari la mmoja, kompyuta kwenye la mwingine.

"Mmoja apumzike," binti akasema. "Ukiingia kwenye mipangilio ya ruta ya kampuni ukachagua Bridge, itabaki kupitisha tu, na meshi itashika daftari. Lakini kabla ya hapo tuwaulize kampuni kama meshi itahitaji jina na nywila ya mteja, tusije tukabaki gizani. Au tuiweke meshi kwenye Access Point: itasambaza mawimbi tu, daftari libaki kwa ruta ya kampuni."

Mjomba akajaribu njia ya kwanza. Kampuni ilikuwa imeufunga ukurasa ule. Wakachukua ya pili. Wakazima Wi-Fi ya zamani na kuiunga printa kwenye ile ya meshi. Ukurasa wa kwanza ukatoka, bibi akapiga kigelegele.

Mchezo wa kaka ukagoma vilevile. Binti akatazama anwani ya nje ya ruta ya kampuni: inaanza na 100.80. Akatikisa kichwa. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni zenyewe, zinapowachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. "Kuna karani wa tatu, mjomba, na huyu yuko ofisini kwao. Hana kitufe hapa nyumbani."

Mjomba akapiga simu kuomba anwani ya umma. Akajibiwa kuwa ipo, ila inalipiwa kila mwezi. Akamgeukia kaka: "Haya, bwana michezo, utalipa wewe?"