Mstari wa Njano Hauji kwa Mbegu

Huko Chepilat, Sotik inapopakana na Borabu, chai imetwaa sehemu kubwa ya ardhi. Mwenye nyumba anayetaka kichaka cha mapambo, chenye majani ya rangi mbili yasiyopukutika na maua ya kunukia, hahitaji kuagiza mche ng'ambo. Dracaena fragrans ni mwenyeji wa misitu ya Afrika, Kenya ikiwemo. Wachaga huuita masale: huupanda mipakani, na jani lake hupelekwa kuomba msamaha.

Aina inayopendwa bustanini ni Massangeana, ambayo jani lake lina mstari mpana wa njano katikati. Mstari huo ni upungufu. Ncha ya chipukizi ina tabaka kadhaa za seli, na baadhi yake zina hitilafu ya kurithi inayozizuia kutengeneza klorofili ya kutosha. Mbegu hutokana na tabaka moja tu, kwa hiyo miche yake kwa kawaida haitoki na mstari. Ndiyo maana watu hukata kipande cha shina chenye macho na kukichomeka kwenye mchanga wenye unyevu. Jamaa yake, sansevieria ya kingo za njano, huonyesha jambo hilo waziwazi: ukiotesha kipande cha jani lake, machipukizi hutoka kijani kitupu.

Sehemu ya njano haijitengenezei chakula cha maana, na jua la mchana huibabua. Gizani nako mstari hufifia. Mahali pazuri ni upenuni, penye mwanga mwingi usio mkali. Hapo pia mmea hujikinga na mvua ya mawe, inayonyesha mara kwa mara pale upepo wa Ziwa Victoria unapokutana na hewa ya nyanda za juu. Chai ikipigwa huchipua upya. Jani la drasena likichanika hubaki hivyo hadi lidondoke.

Udongo nao una mtego. Mchai hulimbikiza floraidi katika majani yake makuukuu bila kudhurika, lakini drasena hukauka ncha na kuwa kahawia. Udongo wenye asidi, unaopendwa na chai, huizidishia floraidi hiyo. Ongeza chokaa kidogo hadi pH ifike 6 hivi, epuka mbolea ya superfosfati, na umwagilie maji ya mvua, kwa kuwa visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi.

Mmea ukikomaa hutoa vishada vya maua meupe vinavyodondosha nekta inayonata. Hufunguka jioni, na harufu yake kali huwaita nondo usiku.

Tawi likitoka kijani kitupu, likate kwenye kitako mapema. Lina klorofili kamili, hukua haraka, na likiachwa litayafunika yale yenye mstari.