Mtoto Akiteguka Mguu, Tusikimbilie Kukanda

Mwenzetu mmoja alitusimulia jambo ambalo wengi wetu tulilitambua mara moja, kwa sababu limekwisha kupita katika nyumba zetu pia.

Binti yake wa miaka 15 aliteguka kifundo cha mguu akicheza kabumbu na wenzake wa shule. Jioni ile ile alipelekwa kwa jirani anayejua kukanda. Maji ya moto, mafuta ya mawese, mtoto analia, na watu wanamwambia avumilie. Kulipokucha mguu ulikuwa umevimba kuliko jana. Siku ya nne akarudi uwanjani, maana timu ilikuwa na mechi, akateguka mguu ule ule. Miezi imepita, na bado anachechemea akibeba maji.

Hatumlaumu. Alifanya kile ambacho sisi sote tulifundishwa na mama zetu. Lakini tuelewe kinachotokea ndani ya mguu. Mtoto akiteguka, kano zinazoshikilia mifupa huvutika au hukatika, na damu huvujia ndani. Moto na kukanda kwa nguvu katika siku za kwanza huongeza damu hiyo na uvimbe. Tena mifupa ya mtoto wa sekondari bado inakua. Karibu na ncha zake kuna sehemu laini, na pigo ambalo kwa mtu mzima lingetegua mguu tu, kwa mtoto linaweza kuvunja.

Basi tufanye nini siku mbili tatu za kwanza? Aache kucheza papo hapo. Tumwekee kitambaa cha maji baridi dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Barafu ikipatikana, tuifunge kwenye kitambaa isiguse ngozi. Tumfunge bandeji au kipande cha kitenge, lakini kisibane mpaka vidole vife ganzi. Akilala, mguu ukae juu ya mto. Maumivu yakipungua, aanze kutembea polepole. Asirudi uwanjani mpaka aweze kukimbia, na kurukaruka kwa mguu ule mmoja, bila maumivu.

Asipoweza kutembea hata hatua 4, au mfupa ukiuma unapoguswa, au mguu umepinda, tumpeleke kituo cha afya wampige picha ya radio. Na akigongwa kichwa, asicheze tena siku hiyo hata akisema amepona. Akitapika, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma au akiwa mgumu kuamka, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Lakini kuzuia ni bora kuliko kuponya. Kuna mazoezi yanayoitwa FIFA 11+, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa kawaida kuanzia miaka 14. Ni mazoezi 15 ya dakika 20 hivi kabla ya kucheza: kukimbia polepole, kutia nguvu mapaja na tumbo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yasielekeane. Huko Norway yalijaribiwa kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Nigeria nao waliyajaribu kwa vijana wa kiume, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Kwa binti zetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu wasichana hukatika kano za goti mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo ule ule.

Mazoezi haya hayadai mashine wala majani mazuri ya uwanja. Yanadai mwalimu anayeyajua na watoto wanaofika mapema, angalau mara mbili kwa juma.

Kwa hiyo tunaombana hivi: katika mkutano wa wazazi unaokuja, kila mmoja wetu amuulize mwalimu wa michezo wa shule ya mtoto wake kama timu inapasha mwili moto kabla ya mechi, na nani anashika bandeji mtoto akianguka. Na jioni ile mtoto atakaporudi akichechemea, tuyaweke mafuta ya mawese jikoni kwa ajili ya sombe, tuchote maji baridi.